Mama Daftari na Wageni Arobaini na Mmoja

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, Mama Daftari atafunika kalamu yake na kustaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha viungo bandia kwa miaka thelathini na minne kasoro siku tatu. Kwenye rasimu ya kwanza niliandika miaka thelathini na minne kamili. Alinirudishia karatasi ikiwa na duara jekundu. "Kasoro siku tatu," alisema. "Usinigawie siku ambazo sijazifanyia kazi." Nimerekebisha. Wote mliowahi kufanya kazi naye mnajua kwamba ningerekebisha tu, nisipotaka leo, kesho.

Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ndiye mtunza tovuti na mwandishi wa blogu ya kituo, na katika mwaka huu wake wa mwisho nimekaa naye kwenye kamati moja kwa miezi minane. Ya pili, mimi ni bibi harusi wa wiki sita, na Afisa Habari wetu, ambaye sote tunamwita Bwana Asilimia, anaamini kwamba mtu mwenye furaha nyingi kiasi hiki hawezi kumsema mwenzake vibaya. Bwana Asilimia amekosea. Nampenda Mama Daftari kama shangazi yangu wa damu, lakini jamani, yule mama anachosha!

Aliajiriwa kama mpokea wageni wakati kituo kina vyumba viwili, kimoja cha kupimia na kimoja cha kutengenezea. Meza yake ilikuwa mlangoni, kati ya beseni la plasta na benchi la wagonjwa, na kila plasta ilipochanganywa alilifunika daftari la wageni kwa kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto baridi isimpige. Tangu hapo kituo kimehama mara mbili, kimepata ghorofa, kimepata lifti, na lifti yenyewe imeharibika na kutengenezwa na kuharibika. Yeye hajabadilika. Daftari lake lina safu tano alizozipiga kwa rula: jina, unakotoka, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Ya sita hakuna. Aliyewahi kumwomba aongeze safu ya sita alijibiwa kwa kutazamwa tu.

Wazee wa karakana bado wanasimulia siku lilipozinduliwa jengo hili. Mgeni rasmi alishuka garini na wasaidizi wake, akataka kupita moja kwa moja kwenda kukata utepe. Mama Daftari alimnyooshea kalamu. Msaidizi mmoja akamnong'oneza kwamba huyu ni mheshimiwa. Mama Daftari akajibu, naye kwa kunong'ona, kwamba waheshimiwa pia huwa na saa ya kuingia. Mheshimiwa akaandika. Kwenye sababu ya kuja aliandika "kufungua jengo," na akatoka saa sita na robo. Ukitaka kuhakikisha, daftari la kumi na tisa limo kabatini.

Msifikiri ni ubishi mtupu. Mwaka ule moshi wa gundi ulipojaa karakana tukakimbilia nje, yeye alitoka wa mwisho, daftari kwapani, akasimama uwanjani na kuwaita watu kwa majina. Wageni kumi na wanane walikuwa wameingia, waliokuwa nje ni kumi na saba. Wa kumi na nane alikuwa mzee mmoja aliyevuliwa mguu wake bandia kwa ajili ya kupimwa, amekaa kwenye chumba cha nyuma akisubiri kuitwa. Mafundi walirudi wakambeba. Mzee huyo alikuja kila mwaka hadi alipofariki, na kila mwaka kwenye sababu ya kuja aliandika "kumsalimia aliyenihesabu."

Hata blogu yetu, ukweli usemwe, imetoka kwenye safu yake ya tatu. Kila Ijumaa asubuhi huniletea karatasi yenye sababu za wiki nzima, majina yameachwa. Mmoja ameuliza kama mguu bandia unaweza kuoga nao. Mwingine ameuliza soksi ya kigutu, ile ya kuvaliwa ndani ya mguu bandia, ifuliwe mara ngapi. Bibi mmoja alitaka kujua atainukaje kutoka sakafuni akishamaliza kucheza na mjukuu wake. Mimi huenda karakana kuwauliza mafundi, narudi, naandika kwa maneno mepesi, na picha nazipiga kwa simu. Kwenda huko karakana, mara nyingi kwa fundi wa ngozi anayeshona mikanda ya miguu, kulikuwa na faida nyingine nitakayoifikia.

Basi mwezi Oktoba Mkurugenzi alirudi kutoka mkutano fulani akiwa na swali moja: hii blogu inasomwa na nani? Akasema tuna hadi mwisho wa Mei kumthibitishia kwamba inawafikia watu na inawafaa. Ikishindikana, itafungwa, na mimi nitahamia stoo kuhesabu skrubu. Siku ya pili waraka ulitoka: "Iundwe kamati ya kuchagua mfumo wa kuhesabu wageni. Mhusika wa wageni awe mjumbe."

Mkurugenzi alimaanisha wageni wa tovuti. Neno "tovuti" lilisahaulika. Na katika kituo hiki mhusika wa wageni ni mmoja tu.

Alikuja kwenye kikao cha kwanza na daftari, rula, na kalamu mbili, amevaa viatu vyake vya sherehe, amekunja uso. Alidhani tumekusudia kumnyang'anya kazi miezi minane kabla hajaondoka. Bwana Asilimia alipoanza kueleza habari za kurasa na kubofya, Mama Daftari alimwacha amalize, kisha akauliza, "Hao wageni wenu wanaingilia mlango gani?" Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba ameitwa kwa makosa. Tulipopata moyo, jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na Mama Daftari akishaandikwa mahali haondoki mpaka saa ya kutoka.

Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza.

Mimi nilidhani kuchagua programu ya kuhesabu wanaotembelea tovuti ni kazi ya mchana mmoja. Unaichagua, unaibandika, inahesabu, unarudi kwako kuota mambo yako. Kumbe ziko programu nyingi kama vifungo kwenye duka la vifungo, na kila moja inasema ndiyo bora. Moja ina ramani inayowaka taa. Moja ina chati za duara za rangi saba na kila asubuhi inakutumia barua ya "Hongera!" hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Moja tuliijaribu siku thelathini, siku ya thelathini na moja ikafunga takwimu zetu zote ndani yake na kukataa kutufungulia. Nyingine ilifanya tovuti yenyewe iwe nzito kiasi kwamba ukurasa wa kufundisha kusimama ulichukua muda mrefu kufunguka kuliko mtu kusimama. Mama Daftari aliziuliza zote maswali yale yale matano, na zile zilizouliza mambo zaidi ya matano, kama umri wa mgeni na anachopenda kununua, alizikata kwa kalamu nyekundu. "Hayo yanamhusu nini mtu wa mapokezi?" Novemba yote ikaenda hivyo. Desemba ikaenda. Bwana Asilimia alianza kuja kikaoni na dawa ya kichwa mfukoni.

Kufikia Februari tulikuwa tumebakiwa na programu tatu, tukaziweka zote pamoja kwenye tovuti ili zishindane. Jumatano moja tukazisoma. Ya kwanza ilisema tumepata wageni 3,940. Ya pili, 1,118. Ya tatu, 74. Siku ile ile, tovuti ile ile! Bwana Asilimia aliipenda ya kwanza papo hapo, tena ni ya bure. Mama Daftari alizitazama namba zile kama mtu aliyeambiwa na watoto watatu habari tatu za kikombe kimoja kilichovunjika.

"Tutawapima," akasema. "Nao watapimwa kama wanavyopima."

Akaniamuru nitengeneze ukurasa mpya usiounganishwa na kurasa nyingine, wenye neno moja tu: Karibu. Akawatumia kiungo chake watu saba kwa simu, nao ni binti yake, dada zake wawili, wifi, shemeji, jirani, na fundi viatu wa mtaani kwake. Waingie saa nne na dakika kumi, wakae dakika tano, watoke. Mapokezi yote tulimsikia akimwongoza shemeji yake. "Umeingia? Haya, kaa hapo. Usiguse kitu. Sasa toka. Toka, shemeji! Mbona bado umo?" Shemeji alijibu, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi, kwamba anautafuta mlango.

Wageni walikuwa saba. Programu ya kwanza ilisema 58, kwa sababu kila simu ilipozimika na kuwaka yenyewe ilihesabu mtu mpya. Ya pili ilisema 19, maana ilihesabu na zile roboti za mtandaoni zinazochungulia kila kiungo kinachotumwa kwenye simu. Ya tatu ilisema 8.

Nane! Mimi na Bwana Asilimia tuliona ya tatu imeshinda, kukosea mtu mmoja si kitu. Mama Daftari hakutaka kusikia. "Mtu mmoja si kitu? Mwulize mzee wa chumba cha nyuma." Akaikata kwa kalamu nyekundu. Hapo ndugu wasomaji nilikaribia kulia. Nilikuwa na harusi ya kupanga, nilikuwa na rangi za maua za kuchagua, na maisha yangu yote ya mapenzi yalikuwa yamesimama kwa sababu ya mgeni wa nane. Bwana Asilimia alipiga meza, akasema kama zote zimeshindwa basi tuchukue ya bure yenye namba kubwa tumalize, Mei inakaribia. Kamati ikachoka, ikakubali. Programu ya kwanza ikaachwa peke yake kwenye tovuti.

Ilikaa siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, mgonjwa wetu wa mwaka jana, mtu mpole anayevaa suruali ndefu iliyopigwa pasi vizuri. Shuleni kwake hakuna aliyejua kwamba mguu wake wa kushoto ni wa kwetu, na yeye alitaka ibaki hivyo mpaka atakapokuwa tayari kusema mwenyewe. Hakupiga kelele. Alichukua kalamu, akajaza safu zake, na kwenye sababu ya kuja akaandika: "Kulalamika. Tangazo limenifuata." Alikuwa amesoma blogu yetu kwenye kompyuta ya chumba cha walimu. Kesho yake, mwenzake alipokaa kwenye kompyuta ile ile kuandaa mtihani, yalianza kutokea matangazo ya miguu bandia na magongo, ukurasa huu na ukurasa ule, mpaka mwenzake akauliza kwa sauti, "Jamani, nani humu ndani hana mguu?"

Ya bure ilikuwa na bei yake. Ilikuwa inawabandika wasomaji wetu alama kwenye kompyuta ili wenye matangazo wawatambue waendako. Maelezo hayo yalikuwepo, kwa maandishi madogo, kwenye ukurasa wa kumi na nne wa masharti. Bwana Asilimia alikuwa amesaini ukurasa wa kwanza.

Mama Daftari alimkalisha mwalimu kwenye kiti chake mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kuona akikifanya, na akamwomba radhi akiwa amesimama. Alimwambia kwamba kosa ni lake, kwa sababu alikuwa mlangoni akaruhusu. Kwake hili lilikuwa jambo zito. Kwa miaka yote hiyo kanuni yake ilikuwa kwamba mgeni akishatoka na saa yake ikaandikwa, habari zake zimekwisha, hafuatwi nyumbani. Mwalimu alipoondoka, Mama Daftari alikuja ofisini kwangu, akasimama nyuma yangu mpaka nikaiondoa ile programu mbele ya macho yake. Kisha akasema kitu ambacho Bwana Asilimia ameniomba nisikiandike, nami naandika: "Namba zenu kubwa zimemvua mtu suruali."

Halafu akarudi kwenye karatasi za majaribio. Ile programu ya tatu haikuwa na matangazo, haikumbandika mtu alama, na haikuuliza jina. Kosa lake lilikuwa moja tu, yule wa nane. Akazisoma tena namba zake, safari hii hadi safu ya muda. Wageni saba walikuwa wamekaa dakika tano tano, isipokuwa shemeji aliyekaa saa moja na nusu. Wa nane alikaa dakika kumi na moja. "Ni mtu gani," akajiuliza, "anasoma neno moja kwa dakika kumi na moja?"

Akafungua daftari la Novemba. Sasa lazima nieleze. Wafanyakazi hawasaini daftari la wageni, lakini mwezi ule fundi wa ngozi alipita mapokezi kuja ofisini kwangu mara nyingi mno, na Mama Daftari akamlazimisha asaini, akisema kwamba mtu anayekuja kuulizia kalenda ile ile kila baada ya siku tatu huyo ni mgeni kama wageni wengine. Imo, mara tisa, kwa mwandiko wake mzuri uliolala kidogo: sababu ya kuja, kuuliza tarehe, sababu ya kuja, kuuliza tarehe. Mara ya tisa ameandika, "tarehe naijua." Nimeipiga picha, nimeiweka kwenye fremu, iko ukutani juu ya kitanda chetu.

Mama Daftari alikwenda karakana na daftari mkononi, akamkuta ameshika sindano, akamuuliza mbele ya mafundi wote kama ni yeye aliyeingia kwenye ukurasa wa Karibu. Mume wangu (wiki sita zimepita na bado nalitamka polepole neno hili ili lisiishe) aliinamisha kichwa. Alisema alikiona kile kiungo kwenye skrini yangu aliponiletea chai. Alisema yeye hufungua kila ninachoandika, hata likiwa neno moja, na lile neno lilimfurahisha kwa sababu lilikuwa Karibu. Mafundi walipiga nyundo mezani kwa kelele. Mimi nilisimuliwa nikiwa ofisini na sikufanya kazi yoyote siku hiyo.

Kwa hiyo programu ya tatu haikuongeza mtu. Walikuwa nane kweli, na Mama Daftari ndiye aliyekosea kwa mmoja. Mnajua alichofanya? Alikuja mbele ya kompyuta yangu, akasimama wima kama anaongea na mtu mzima mwenzake, akasema, "Samahani. Ulikuwa umeona sawasawa." Nikambonyezea, ikarudi kwenye tovuti, na iko hapo mpaka leo. Inaonyesha mgeni katokea wapi, kasoma nini, kaingia saa ngapi, kakaa muda gani. Safu nne. Ile ya jina imeachwa wazi. "Jina," alisema, "wataandika wakifika."

Ningependa kumalizia hapo, lakini kulikuwa na aibu nyingine, na hii ni yangu. Alizichunguza zile 74 za Jumatano, akagundua kwamba thelathini na tatu kati yao ni sisi wenyewe. Mwaka jana, kwa nia njema kabisa, niliziwekea kompyuta zote kumi na moja za ofisi zifungukie kwenye blogu yetu. Kila moja huwashwa asubuhi, baada ya chai, na baada ya chakula cha mchana. Kumi na moja mara tatu. Tukazitoa. Wageni wetu halisi kwa siku walikuwa arobaini na mmoja.

Arobaini na mmoja! Nililia kidogo, sitawaficha. Miaka mitatu ya kuandika, na wasomaji wanatosha kwenye benchi za mapokezi. Niliona stoo, nikaona skrubu. Bwana Asilimia alisema Mkurugenzi atacheka. Mama Daftari alirudi mezani kwake, akachukua rula, na mbele ya macho ya watu waliomjua miaka thelathini akapiga mstari. Safu ya sita. Juu yake akaandika: "Umetujuaje?" Kisha akamgeukia kila aliyekuwa amesimama pale na kusema, "Ni ya miezi mitatu tu. Msinizoee."

Kikao cha mwisho kilifanyika Jumatatu ya mwisho wa Mei, siku kumi baada ya harusi yangu, nikiwa bado na hina... hapana, nimeikata hiyo, Mama Daftari amesema wasifu ni wake si wangu. Bwana Asilimia aliingia na taarifa mbili ndani ya bahasha, moja ya 3,940 na moja ya 41, asijue atatoa ipi. Mkurugenzi akauliza namba. Mama Daftari akajibu, "Arobaini na mmoja kwa siku, mheshimiwa."

"Arobaini na mmoja?" Mkurugenzi alivua miwani. "Mama, hata foleni ya plasta asubuhi inazidi hao."

"Inazidi," alijibu. "Sasa tuulize foleni imetoka wapi." Akafungua daftari kwenye ile safu ya sita na kulisogeza mbele yake. Tangu Machi hadi Mei walikuja wagonjwa wapya mia moja na thelathini. Thelathini na wanane kati yao, kwa miandiko thelathini na minane, wameandika "tovuti." Mkurugenzi alianza kuisoma haraka, kisha akawa anaisoma taratibu. Mmoja aliandika kwamba alikaa ndani miaka miwili akiona haya kuuliza, akasoma usiku na mchana kwenye simu ya binti yake. Mwingine, yule bibi mwenye mjukuu au bibi anayefanana naye, aliandika: "Nilisoma namna ya kuinuka kutoka sakafuni. Nikainuka. Nikaja." Na mwezi huo wa Mei kulikuwa na mzazi wa mwanafunzi, yeye mwenyewe amekatwa mkono na mashine, aliyeandika: "Mwalimu wa mwanangu alinionyesha ukurasa. Amenisindikiza." Kwenye mstari wa chini yake kuna mwandiko wa mwalimu wetu mwenyewe. Sababu ya kuja: "Kumleta mwenzangu."

Bwana Asilimia aliikunja taarifa yake ya namba kubwa mara nne na kuitia mfukoni, kwenye dawa zake za kichwa. Mkurugenzi alivaa miwani, akasema blogu inabaki, na programu inabaki ile ile. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: Mama akishaondoka, nani atazisoma namba hizi na kujua ni watu? Mama Daftari alininyooshea kalamu yake nyekundu. Ninayo. Nimeiweka kwenye droo, na nakiri kwamba ikinitazama naogopa.

Nilipokuwa natafuta tarehe ya kuajiriwa kwake kwa ajili ya wasifu huu, faili lake lilikuwa limeliwa na panya, kwa hiyo mimi na mume wangu tulifungua kabati la chuma la mapokezi. Mna madaftari sabini na moja humo. Tulishusha mpaka tukafika la kwanza kabisa, lenye jalada lililotiwa madoa ya plasta. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ni mwandiko wake, wa kisichana, umebonyezwa sana. Tarehe tatu Julai. Jina. Anakotoka. Sababu ya kuja: "Kazi." Saa ya kuingia: saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Saa ya kutoka haijaandikwa.

Yeye, aliyemzuia mheshimiwa na kumfokea shemeji yake atoke! Katika madaftari sabini na moja tulikagua kurasa nyingi, na mstari pekee tuliouona umeachwa wazi ni huo. Nilimpelekea nikidhani nimemkamata hatimaye, baada ya miezi minane ya kukamatwa mimi. Alivaa miwani, akautazama muda mrefu, akapitisha kidole pale palipo wazi. "Sijakosea," alisema. "Sikutoka."

Mama Daftari, Ijumaa daftari hilo la kwanza litakuwa mezani kwako, limefunguliwa kwenye ukurasa huo, na kalamu ya buluu kando yake. Tutasimama mapokezi sote, mafundi na aproni zao, Mkurugenzi, Bwana Asilimia, na wagonjwa wa benchini. Andika saa yako taratibu, hatuna haraka, kwa mara ya kwanza mwaka huu hatuna haraka hata kidogo. Ukishatoka hatutakufuata nyumbani, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni uliyotufundisha. Ila blogu itakuwa wazi kila siku, na asubuhi nitakapozisoma zile safu nne nikimwona mgeni mmoja kutoka mtaa wenu aliyekaa dakika kumi na moja kwenye neno moja, sitauliza jina.

Asante kwa kutuhesabu mmoja mmoja. Uwe na afya, usingizi mtamu, wajukuu wenye kelele za wastani, na shemeji anayejua mlango ulipo. Karibu tena wakati wowote, Mama. Utasaini kama wengine.